Rejista ya majina ya CWGC: mwaka mmoja nikifuatilia Vita vya Tanga

Nilianza kusoma historia ya vita kwa sababu ya swali moja tu. Katika Vita vya Tanga vya Novemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipoteza watu wangapi walipopigana na Wajerumani? Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nashona nguo, na hadithi ya vita hivyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo, hasa habari ya nyuki waliowavamia askari. Nilipotafuta jibu, kijitabu kimoja kiliniambia waliuawa mia nane. Video moja ikasema elfu mbili. Hakuna aliyeeleza namba yake ameitoa wapi.

Kilichonisaidia ni rejista ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo wengi wanaiita CWGC. Iko mtandaoni, ni bure, wala huhitaji kujisajili. Unatafuta kwa jina, kikosi, tarehe ya kufa, nchi au makaburi. Nilijaza tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, nchi nikaweka Tanzania. Yakaja majina: askari wa Loyal North Lancashire, Wahindi waliopigania Uingereza wa 13th Rajputs, wa 101st Grenadiers, wa Kashmir Rifles. Kila mtu ana ukurasa wake wenye cheo, kikosi, siku aliyokufa na mahali anapokumbukwa. Kwa wengine zimewekwa hata picha za karatasi za zamani zilizojazwa wakati makaburi yakiandikishwa. Hizo ndizo nilizozipenda kuliko vyote, kwa sababu unaona rejista yenyewe imetoka wapi.

Orodha ilikuwa ya mamia, lakini mia nane haikufika. Hapo nikaelewa kosa la kile kijitabu. Waingereza wana neno moja, "casualties", linalokusanya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, na hesabu yao ya Tanga kwa wote hao ni mia nane na kitu. Mtafsiri akiliandika neno hilo "waliouawa", majeruhi wote nao wanazikwa. Anayeanza kusoma historia ya vita ashike hili kabla ya jingine lolote: ukipewa idadi, uliza ni ya waliokufa au ya hasara yote.

Kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nimezisoma pia, katika tafsiri ya Kiingereza. Zina uhai, na njia alizopita unaweza kuzifuata kwenye ramani. Lakini kitabu kilitoka 1920, na mwandishi ndiye mshindi wa Tanga anayesimulia ushindi wake. Hasara za adui ninazipima kwingine. Historia rasmi ya Waingereza nayo ilichapishwa 1941 na kuishia Septemba 1916, kwani juzuu la pili halikutoka. Kwa hiyo rejista inabaki kuwa msumari wa kutundikia mengine: fulani, kikosi fulani, alikufa siku fulani.

Kuna mambo ya kuangalia. Majina ya Wahindi na Waafrika yaliandikwa jinsi karani alivyoyasikia, kwa hiyo jaribu tahajia tatu au nne kabla ya kukata tamaa. Aliyejeruhiwa Tanga akafia kwingine wiki mbili baadaye hatatokea kwenye tarehe zako. Askari wa Schutztruppe, hao Waafrika waliopigania upande wa Wajerumani, usiwatafute humo, maana rejista hii ni ya waliotumikia Uingereza na makoloni yake.

Na kuna pengo kubwa lililonigusa mwenyewe. Bibi yangu, mwenyeji wa Handeni, alikuwa akisema baba yake "alichukuliwa Kariakoo" na hakurudi. Miaka yote nilidhani ni sokoni Dar es Salaam. Kumbe Kariakoo ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Waingereza, na soko lilipata jina kutokana na kambi yao. Nililitafuta jina lake kwa kila tahajia niliyoweza kufikiri. Halimo.

Nililia, nasema kweli. Kisha nikasoma ripoti ambayo Tume yenyewe iliitoa Aprili 2021. Inakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika na Wamisri. Afrika Mashariki wapagazi walijengewa sanamu badala ya kuandikwa: Nairobi, Mombasa, na ile ya Askari pale Dar es Salaam. Sanamu hizo hazina jina hata moja. Kwa hiyo rejista ikikujibu "hakuna", usihitimishe kwamba mtu huyo hakuwepo vitani. Kwa mpagazi, neno la bibi aliyelelewa bila baba ni ushahidi, nami nimelirekodi kwenye simu pamoja na tarehe na mahali alipolisemea.

Naipa nyota nne. Kwa askari waliokufa sijaona pengine panapomfaa mwanafunzi mpya kuliko hapa. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya wapagazi.

Kama nyumbani kwenu kuna karatasi au kisahani cha namba cha mpagazi wa vita ile, hasa kutoka Handeni, Korogwe au Pangani, naomba unijulishe. Nitapanda basi nije nikione.