Jaketi la Ngozi: Anza Kulikagua Kwapani

Jaketi langu la kwanza la ngozi lilinikaa vizuri sana mbele ya kioo cha duka, mikono ikiwa imelala ubavuni kama ya mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kesho yake, nilipoinua mkono kushika bomba ndani ya basi lililojaa, jaketi zima lilipanda pamoja na mkono, zipu ikanifika kidevuni na kiuno kikabaki wazi kwa abiria wote waliokuwa nyuma yangu. Nililirudisha kwa muuzaji, naye akanijibu kwa utulivu kwamba ngozi hutanuka, nivumilie wiki chache. Nilivumilia mwaka mzima. Ngozi ilitanuka viwikoni, ila kwapa halikubadilika hata kidogo, kwa sababu kwapa la jaketi huamuliwa na mkasi wa fundi siku linapokatwa.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi wala idadi ya mifuko, mambo ambayo kila mwenye macho huyaona. Nitazungumzia tundu la mkono, yaani ule mviringo ambapo mkono wa jaketi huungana na kiwiliwili. Tundu likikatwa juu, karibu na kwapa lako mwenyewe, mkono huzunguka peke yake na kiwiliwili hutulia. Likikatwa chini, mkono na ubavu huwa kitu kimoja, hivyo ukiinua mkono umeinua jaketi lote. Tundu la chini lina faida kwa anayeuza, kwani huwaingia watu wa maumbo mengi, na anayejaribu kwa dakika mbili husifu kwamba halimbani.

Ukiwa dukani, funga zipu hadi juu, nyosha mikono mbele kama mwendesha pikipiki, kisha inua mmoja kama mtu anayetundika pazia. Upindo wa chini ukipanda kwa upana wa vidole viwili, hilo linavumilika. Ukipanda kwa kiganja kizima, livue. Halafu chungulia chini ya kwapa: katika majaketi yaliyoshonwa kwa uangalifu utakuta kipande cha ngozi chenye umbo la jani, kilichotiwa hapo ili kuupa mkono nafasi.

Usijidanganye kwamba fundi atalirekebisha. Kitambaa kikifumuliwa nyuzi zake hurudiana, lakini ngozi iliyotobolewa na sindano haizibi, na kulipandisha tundu kunahitaji ngozi ambayo ilishakatwa na kutupwa. Kwa sababu hiyohiyo, mishono iliyosongamana mno isikupendeze: matundu yakikaribiana, ngozi huchanika kwenye mstari huo kama stempu.

Kati ya majaketi ninayoyapendekeza, nafasi ya kwanza naipa Perfecto ya kampuni ya Schott, na nakiri upendeleo wangu waziwazi. Irving Schott alitoa Perfecto ya kwanza mjini New York mwaka 1928 kwa ajili ya waendesha pikipiki, akaipa jina la sigara nene aliyoipenda, na mahitaji ya mtu aliyeshika usukani bado yanaonekana katika mkato wake. Toleo la 618 lina mikunjo nyuma ya mabega inayofunguka unaponyosha mikono, na kile kipande cha kwapani nilichokitaja kipo. Ngozi yake ya ng'ombe ni nzito, na wiki za mwanzo utatembea kama umevaa mlango, lakini huo ni ugumu wa ngozi, ambao kweli huisha.

Nafasi ya pili ni watengenezaji Aero Leather wa Galashiels, Uskochi, hasa kwa ngozi yao ya farasi na kwa kuwa hushona kwa vipimo vya mteja, ingawa inakubidi kusubiri. Wa tatu ni Lewis Leathers wa London, ambao asili yao ni mwaka 1892. Mikato yao ni ya kubana, kwa hiyo mwenye kifua kipana asinunue kwa kukisia.

Majaketi ya mitindo ya ngozi laini ya kondoo, ambayo mara nyingi unene wake haufiki milimita moja, nayaweka mbali chini. Ulaini huo huficha kasoro ya kwapa dukani, kisha ngozi huanza kuchanika palepale kwapani. Ngozi iliyosagwa na kugandishwa kwa gundi haistahili zaidi ya sentensi hii.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji. Wanabandika lebo ya "ngozi halisi" kana kwamba ni cheo, ilhali maneno hayo hayasemi ni tabaka gani la ngozi lililotumika, kisha wanapandisha bei kwa ajili ya vifungo vinavyong'aa. Katika picha zao za mtandaoni mwanamitindo ametia mikono mfukoni, mkao pekee ambao tundu baya la mkono halionekani. Hivi karibuni nilimwandikia mmoja wao nikiomba picha moja tu ya mtu aliyelivaa jaketi akiwa ameinua mkono. Alinitumia picha ya kola.