Nimebadilisha mpini wa tezo: uzoefu wangu baada ya mwaka mzima

Tezo langu, kifaa cha kuchongea mbao chenye makali yaliyokingama na mpini kama jembe, nililinunua likiwa na mpini wa kiwandani, plastiki ngumu iliyovikwa mpira. Chuma chenyewe sina neno nacho. Kinashika makali, na kwenye mbao ya mbambakofi kinatoa maganda mapana bila kuchana. Mateso yalikuwa mpini: mfupi, umenyooka kama fimbo, nikisimama juu ya mbao nainama mpaka kiuno kinakaza. Ule mpira nao, ukipata jasho na sifa, yale mafuta ya samaki tunayopaka vyombo vya baharini, unateleza vibaya. Na tezo makali yake yanashuka katikati ya miguu yako.

Kuung'oa kulinila asubuhi nzima, maana uligandishwa kwa gundi. Niliukata kwa msumeno, nikatoboa mabaki kwa keke, nikayamalizia kwa patasi. Wenzangu walinishauri niuchome, nikakataa. Chuma kikipata moto mwingi kinalegea, halafu utanoa kila siku.

Nikapanda mashua hadi Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, kwa mzee mmoja anayechonga mipini. Nilidhani atachukua vipimo vya ule wa zamani. Hata hakuutazama. Alinisimamisha juu ya gogo, akanipa kijiti kirefu, akasema, "Hebu chonga, mwanangu, tuone." Nikawa napunga taratibu kama niko kazini, yeye amechuchumaa pembeni anaangalia mikono yangu inaposhika na ncha inapotua, kisha akatia alama mbili za mkaa. Basi, kipimo kimekwisha.

Baada ya wiki mbili nikalipa shilingi 1,200. Mpini ni wa mkunazi mkavu, umezidi ule wa kwanza kwa shubiri moja na una mpindo karibu na kichwa. Nyuzi za mti zinaufuata mpindo ule toka juu hadi chini, na kwangu hapo ndipo ilipo thamani ya pesa yangu. Mpindo uliokatwa kwa msumeno, nyuzi zikakatishwa, hupasuka hapohapo. Hauna kabari. Juu ni mnene kuliko tundu la kichwa, kichwa unakiingiza kutoka chini, na kila pigo linazidi kukikaza. Nikitaka kunoa nagonga ncha ya chini kwenye jiwe, kichwa kinashuka, napiga tupa upande wa ndani kwa raha.

Siku ya kwanza nilichonga mataruma (mbavu za chombo) mawili kabla ya adhuhuri na mgongo haukuniuma. Miaka sijaona hivyo.

Kasoro ipo. Mzee aliupaka vanishi, ukang'aa sana, na siku ya pili nikatoka malengelenge viganja vyote. Niliikwangua kwa kipande cha kioo, nikapitisha msasa, na sasa mkono umetulia. Ukiagiza, mwambie mapema asipake.

Tena, mpini ulichongwa wakati wa masika. Kaskazi, msimu wa joto na ukavu, ilipoingia mti ukanywea, kichwa kikaanza kucheza. Hapa wengi hutumbukiza tezo baharini usiku kucha. Mti unafura, kesho unakaza, lakini ukikauka unalegea kuliko mwanzo. Mimi nilizungushia kipande cha ngozi nyembamba ndani ya tundu, na mpaka leo hakijatikisika.

Nimeshaagiza wa shoka. Ukienda, nenda mwenyewe, usimtume kijana wako, kwa sababu mzee anapima mwili wa atakayeshika.