Nilivyompeleka kijana wangu klabu ya usomaji maktabani

Kijana wangu ana miaka 14, yuko Form Two, na mpaka Januari kitabu pekee alichokuwa akikigusa ni cha skuli, tena mpaka asimamiwe. Kwa hiyo shangazi yake aliponambia kuna maktaba hapa mjini Unguja ina klabu ya vijana kila Jumamosi, saa tatu mpaka saa tano asubuhi, nilicheka. Mtoto huyu hamalizi kusoma ujumbe wa mama yake WhatsApp, atamaliza kitabu?

Huu ni mwezi wa nane tangu aanze kwenda. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaonisimamisha dukani kuniuliza kama kuna faida au ni kumaliza nauli tu.

Nianze na kero, maana zipo. Kumwandikisha kulinitoa jasho. Fomu, picha mbili za pasipoti, barua ya sheha, na mdhamini mwenye ajira. Mie nauza vitambaa Darajani, kumbe hiyo si ajira! Ikabidi nimbembeleze shemegi yangu, mwalimu, aje atie saini. Sasa mtoto aliyejijia mwenyewe na baskeli yake, hana wa kumhangaikia, atafika wapi? Wengi wanaishia kusomea mule mule ndani, kitabu hawaondoki nacho. Na mule ndani kuna feni moja, nayo huzunguka ikipenda.

Wiki za mwanzo, kusema kweli, nilitaka kumtoa. Ilikuwa chemsha bongo kwa kwenda mbele, anayejibu anapewa daftari. Watoto si wajinga, walishajua ujanja: unasoma jalada la nyuma na ukurasa wa mwisho, basi. Mwisho wa kikao kila mmoja anasimama kueleza "mafunzo niliyoyapata". Wangu alisema kitabu chake kinatufunza tusiwe wabaya. Nilipomuuliza njiani ni kitabu gani, hakikumbuki jina.

Kisha akaja mkutubi mwengine, mama wa makamo, watoto wanamwita Bi Mkubwa. Jumamosi yake ya mwanzo nilikuwa nimekaa pale mlangoni namsubiri kijana. Chemsha bongo hamna, daftari hamna. Akatoa kitabu kilichogangwa selotepu mgongoni, Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, kilichotoka 1960. Akasoma kwa sauti, kwa lafudhi yetu hii hii, bila ya haraka, kama dakika ishirini hivi. Alipofika penye utamu akatia kidole katikati, akakifunga, akauliza nani atamsaidia kupanga viti. Makelele yaliyozuka! Nakala zilikuwa tatu, ziligombaniwa kama boflo la moto. Na mie, mtu mzima, nilirudi dukani namuwaza Bwana Msa, yule mpelelezi wa mule kitabuni.

Sharti lake ni moja: kitabu kikikuchosha, ukifika ukurasa wa 20 kirudishe, huulizwi neno. Kijana wangu akarudisha vitano mfululizo. Nikaona huu sasa uvivu, nikamwendea Bi Mkubwa kulalamika.

"Baba," akanambia, "mteja akikunjua vitambaa vitano dukani kwako, akachukua cha sita, unamfukuza?"

Cha sita kilikuwa cha katuni, za mpira. Akakiandika kwenye kadi kama alivyoandika vyengine, hata hakukunja uso. Cha saba ndicho kilichomkamata.

Kwa maoni yangu, siri yote iko hapo. Skuli wanasoma vitabu teule wachambue dhamira na wahusika, na mtihani lazima wafanye, sigombi. Lakini mtoto ambaye hadithi ameijua kwa njia ya swali la alama tu, utamwambia nini aamini kwamba kuna watu wanasoma kwa raha zao? Wangu alikuwa akiniona mie na gazeti anadhani natafuta bei ya dola.

Tena nakala hazitoshi. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021, mtoto wa hapa hapa kwetu, hakuna baraza ambalo hatukujisifia. Riwaya yake moja imeshatafsiriwa, Peponi, tangu 2022 iko kwa Kiswahili. Maktabani nimeiona moja, na majina ya wanaoingojea yamejaza ukurasa mzima wa daftari. Sifa tumezipiga sana, kununua vitabu hatutaki.

Na jengine lililoniudhi: Ramadhani klabu ilifungwa. Mchana wa Ramadhani, vijana wamejilaza barazani hawana la kufanya mpaka magharibi, ndio munafunga maktaba? Nimelisema kwenye kikao cha wazazi, wameliandika. Tutaona. Saa zenyewe lakini wamezipanga vizuri, hazigongani na chuo cha Kurani.

Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku. Nikaona mwanga chumbani kwake, nikajua ni gemu, nikaingia nimeshakunja uso nimpokonye simu. Simu ilikuwa imewashwa tochi, imeegemezwa kwenye mto, na yeye kalala kifudifudi, kitabu hakiko hata shibiri moja na pua. Hakunitazama. "Baba, kidogo tu, inaishia hii sura." Nikarudi zangu kulala, ingawa betri lile ndilo nililokuwa nalitegemea kwa simu ya alfajiri ya mzigo wangu bandarini.

Kama una mtoto wa umri huo, mpeleke, ila barua ya sheha ishughulikie mapema, na usiulize amejifunza nini.

Faini ya kuchelewesha ni shilingi mia mbili kwa siku. Kitabu tulichonacho sasa kimepitiliza siku tisa na hakiko hata nyumbani, kiko Jang'ombe kwa binti wa kaka yangu. Nimempigia jana, anasema zimebaki kurasa thelathini na tusimharakishe.