"Bosi, Hesabu Matundu": Uzoefu Wangu wa Kununua Moduli ya Swichi

Kuna duka moja la vifaa vya mtandao katikati ya jiji la Nairobi ambalo, hadi majuzi, nililisifia kwa kila aliyeniuliza mahali pa kupata vipuri vya swichi zilizotumika ng'ambo, yaani vile visanduku vinavyounganisha kompyuta za ofisi kwenye mtandao. Leo sijui nilisifie au nililaani, na chanzo ni herufi na tarakimu chache kwenye kibandiko kisichozidi urefu wa kidole.

Ofisini tuna swichi ya Cisco, WS-C3850-24T, nami nilihitaji moduli, kipande kinachochomekwa kwenye swichi, ya kuiunganisha na seva na ghorofa ya juu kwa njia nne za gigabiti 10 kwa sekunde. Kijana wa kaunta alinitolea moduli yenye matundu manne, akaifuta vumbi kwa kiganja na kusema yote manne ni ya 10. Nilipomuuliza mbona kibandiko kinasema C3850-NM-2-10G, na hiyo 2 inatafuta nini pale, hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake.

"Bosi, wewe hesabu matundu."

Wateja wawili nyuma yangu walicheka. Nikahesabu, yakawa manne, nikalipa.

Jioni hiyo matundu mawili ya kulia yalifanya kazi na mawili ya kushoto yakakataa katakata. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha SFP+, vile vipande vidogo vinavyochomekwa kwenye matundu ili kupokea nyaya, nikaizima swichi na kuiwasha mara ambazo naona haya kuzitaja, hadi mlinzi wa jengo akapanda kuniuliza kama ninalala humo. Ndipo nilipoisoma ile namba polepole, jambo ambalo ningelifanya palepale dukani kama nisingeona aibu ya kuchekwa. C3850 ni familia ya swichi inayoipokea. NM ni moduli ya mtandao. 2 ni idadi ya poti, yaani matundu, zinazofika gigabiti 10, wala si idadi ya matundu yote. Mawili ya kushoto hayavuki gigabiti 1 hata uyabembeleze. Dada zake wawili, NM-4-1G na NM-4-10G, wana matundu manne vilevile, kwa hiyo anayeuza kwa kuhesabu matundu anauza kwa kubahatisha.

Nilirudi dukani nikiwa nimechemka, nikadai NM-4-10G au fedha zangu. Kijana akanijibu kwamba kitu kikishafunguliwa hakirudi, ilhali alikuwa ameniuzia bila kasha wala karatasi, na hapo nikapaza sauti kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Mzee aliyekuwa akikaza skrubu pembeni aliniuliza kwa upole swichi yangu ina poti ngapi. Nikamwambia 24.

"Basi hata hiyo unayoidai isingekufaa, mwanangu. Yako haiikubali, tafuta yenye 48."

Nilikagua maelezo ya mtengenezaji palepale kwenye simu, na mzee alikuwa sahihi. Ina maana kijana yule mwenye kiburi alikuwa ameniuzia moduli ya gigabiti 10 inayoifaa swichi yangu, na mimi nilikuwa nikimgombeza anibadilishie kwa isiyofaa kabisa. Lakini hakuwa akijua, na sikubali kumsifu mtu aliyepatia huku akitazama simu.

Mzee alinivutia kiti na kunionyesha vibandiko vingine. Kwenye C9300-NM-8X, moduli ya familia ya 9300 iliyoifuata 3850, alisema, tarakimu baada ya NM ni idadi ya poti na herufi ni kasi yake: G ni gigabiti 1, X ni 10, Y ni 25, Q ni 40. Akanionya kwamba ikiandikwa C9300L nisihangaike kununua moduli, kwa sababu poti zake za kuunganishia seva na swichi nyingine hazibadilishwi. Lililonipoza zaidi ni kwamba moduli ya 3850 huingia kwenye 9300, ila ya 9300 haiingii kwenye 3850. Kwa hiyo siku ofisi itakaponunua swichi mpya, hii yangu haitatupwa.

Njia mbili badala ya nne zinatutosha kwa sasa, ingawa nilizitaka nne. Nyota moja niliyokuwa nimelitunuku duka hili mtandaoni nimeifuta mara mbili na kuirudisha mara mbili. Kwa mzee nitarudi hata kesho. Nikimkuta kijana peke yake kaunta, nitapita moja kwa moja hadi mlango unaofuata.