Flashi moja, mifumo minne: uzoefu wangu na kompyuta zisizoingia Windows

Wateja wangu hapa Majengo, Mombasa, wakileta laptopu husema, "Fundi, imekufa." Mara nyingi haijafa. Feni inazunguka, nembo ya HP au Lenovo inatokea, kisha inakwama hapo hapo, au inaleta maandishi meupe, au ile skrini ya bluu yenye uso wa huzuni. Kwa mashine za namna hiyo nimekuwa nikitumia flashi moja yenye programu za bure, na leo naziandikia maoni yangu moja baada ya nyingine. Niseme mapema ninakoegemea: ninazithamini zaidi programu zinazosoma mashine na kunionyesha kilichomo kuliko zile zinazojinadi kuwa zinatengeneza. Kutengeneza huja mwisho, na pengine hakuhitajiki kabisa.

Kwenye flashi yenyewe nimeweka Ventoy, programu inayoiwezesha flashi moja kubeba mifumo mingi ya kuwashia kompyuta, iliyotoka mwaka 2020. Kabla yake kila mfumo ulitaka flashi yake: ya Windows mbali, ya Linux mbali, ya kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbali, na ile unayoitaka ndiyo haionekani. Ventoy unaiweka mara moja (inafuta kila kilichokuwamo, kwa hivyo hamisha vyako kwanza), halafu faili za ISO (kila moja ina mfumo mzima ndani yake) unazinakili tu kama unavyonakili nyimbo. Ukibuti, yaani ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, unapata menyu yenye majina yake, unachagua. Toleo jipya likitoka unafuta faili la zamani na kuweka jipya. Mashine yenye Secure Boot (kinga inayozuia mifumo isiyosajiliwa) itakuletea skrini ya bluu mara ya kwanza. Chagua kusajili ufunguo kutoka kwenye diski, ingia sehemu ya flashi iitwayo VTOYEFI, chagua faili linaloanza na ENROLL_THIS_KEY, kisha washa upya. Haitakuuliza tena kwenye mashine hiyo.

Nina lalamiko moja juu yake. Ventoy ina vipande vya programu vinavyokuja vikiwa vimeshaandaliwa, na watu wa usalama wamepiga kelele sana kwamba mtu wa nje hana njia rahisi ya kuhakikisha vimetoka wapi. Mimi naipakua kwa wenyewe tu, na kompyuta ya ofisi yenye hesabu za watu naibuti kwa flashi nyingine niliyoiandaa kwa programu ya Rufus, yenye mfumo mmoja.

Ninaoufungua kwanza karibu kila siku ni SystemRescue. Ni Linux, na tangu 2019 imejengwa juu ya Arch, mojawapo ya matoleo ya Linux. Haijali kama diski ya ndani ni nzima au la. Ina chaguo linaloitwa copytoram: mfumo wote unapakiwa kwenye RAM, nami nachomoa flashi na kuihamishia mashine ya mteja mwingine huku ile ya kwanza ikiendelea na kazi. Kwa kibanda chenye meza moja hiyo si neema ndogo.

Amri ninayoanza nayo ni smartctl -a, inayosoma kumbukumbu za diski yenyewe. Kwenye diski za kuzunguka naangalia mistari mitatu: 5, sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokwisha kuhamishwa, 197, zinazosubiri, na 198, zisizosomeka. Ikiwa 197 si sifuri na inazidi kupanda, basi siandiki chochote kwenye diski hiyo, wala simruhusu mtu aandike. Diski za NVMe, zile za kisasa zisizozunguka, hazina namba hizo. Kule naangalia makosa ya kusoma na asilimia ya uhai iliyotumika.

Hapa ndipo nilipomfahamu mpiga picha mmoja wa harusi kutoka Kisauni. Laptopu yake ilikuwa kwenye kurekebisha diski, asilimia ile ile tangu jana yake, na alishauriwa na fundi mwingine aiache imalize. Nilipomwambia tuizime alishika kichwa.

"Kaka, humo mna harusi ya watu. Bi harusi mwenyewe na mumewe washahamia Muscat."

"Ndiyo maana nasema tuizime, ndugu yangu. Ikiendelea hivi itaimaliza diski kabla haijamaliza kazi."

Chkdsk, ile ya Windows ya kurekebisha diski, ni programu nzuri kwa diski nzima yenye faili zilizovurugika, labda stima ilikatika wakati wa kuandika. Kwa diski inayokufa ni kuilazimisha isome na kuandika pale pale panapouma. Dawa yake ni GNU ddrescue, ambayo imo ndani ya SystemRescue. Inanakili diski nzima kwenda diski nyingine, ikianza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziruka zile ngumu, kisha inarudi kuzing'ang'ania zilizobaki. Na inaandika faili la ramani linaloonyesha imefika wapi. Hilo faili ndilo linaloifanya ifae hapa kwetu: usiku ule stima ilikatika mtaa mzima, na asubuhi nilirudia amri ile ile ikaendelea ilipoishia. Sharti ramani iwe kwenye diski nyingine au flashi, si kwenye RAM.

Baada ya hapo nilifanya kazi juu ya nakala, diski ya asili nikaifungia kwenye mfuko. Programu ya TestDisk ilirudisha jedwali la mgawanyo, yaani ramani ya jinsi diski ilivyogawanywa, na folda nyingi zikaonekana na majina yake. Zilizobaki ziliokotwa na PhotoRec, ya mwandishi huyo huyo wa TestDisk, Christophe Grenier, lakini PhotoRec hairudishi majina: unapata rundo la faili zinazoitwa f na tarakimu. Jamaa alikaa kuzipanga kwa sura za watu. Video chache zilikuwa na mikwaruzo. Harusi ilifika Muscat.

Hiren's, mkusanyiko wa zana za kutengenezea kompyuta, kila fundi wa rika langu analijua jina lake. Ile ya zamani iliishia toleo la 15.2 mwaka 2012, na ilijaa programu za kuibiwa. Hii ya sasa, Hiren's BootCD PE, ni Windows ndogo yenye programu za bure, toleo jipya likiwa limejengwa juu ya Windows 11, karibu gigabaiti 3. Naifungua pale mteja anapotaka kuona mwenyewe, kwa sababu CrystalDiskInfo inamwonyesha rangi: bluu salama, manjano tahadhari, nyekundu mbaya. Mzee akiona nyekundu habishani nami tena. Ina NTPWEdit pia kwa paswadi iliyosahaulika ya akaunti ya ndani, na kuhamishia faili kwenye diski ya nje ni rahisi kwa aliyezoea Windows.

Tatizo lake liko kwenye laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11. Nyingi zina kitu kinaitwa VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski, na bila draiva yake Hiren's haioni diski kabisa. Si kwamba diski imekufa. Nimepokea mashine ambazo wenyewe walishauziwa diski mpya ya SSD wasiyoihitaji kwa sababu hiyo tu. Pakia draiva ya Intel RST kutoka kwenye flashi, diski inajitokeza. Wengine huzima VMD kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows kuanza), lakini Windows iliyowekwa nayo ikiwa imewashwa inaweza kukataa kuanza, basi ikumbuke ulivyoikuta.

Memtest86+, ya kupima RAM, sina mengi ya kuisemea. Toleo la 6 la mwaka 2022 liliileta kwenye UEFI (BIOS ya kisasa), inafanya kazi, iache usiku kucha. Kwa mji wa pwani nitaongeza hili: RAM ikitoa makosa, usikimbilie kununua. Hewa ya chumvi inatia kutu miguu yake ya shaba, hasa kwa laptopu za watu wa Nyali na Bamburi wanaokaa karibu na maji. Kifutio cha penseli, sugua taratibu, rudisha, pima tena. Vivyo hivyo kwenye kompyuta za mezani, betri ndogo ya CR2032 ikiisha BIOS husahau mpangilio wake na Windows ikakataa kuanza, na hapo watu hupiga Windows upya kwa kosa la betri ya bei ya chapati.

Zana za Windows zenyewe watu huzidharau bure. Startup Repair, kirekebishaji cha Windows yenyewe, ikisema imeshindwa, haijakaa kimya. Imeandika ilichokiona kwenye SrtTrail.txt, ndani ya System32, LogFiles, Srt. Nalisoma faili hilo kwanza. Kuondoa sasisho la mwisho kunaponya mashine nyingi zilizogoma baada ya kusasishwa. Na amri ya bootrec /fixboot ikikujibu kuwa huna ruhusa, usipoteze asubuhi nayo. Ipe sehemu ya EFI (yenye faili za kuwashia) herufi kwa amri ya diskpart, halafu amri ya bcdboot iandike upya faili za kuanzia.

Ukuta ambao flashi hii haiuvuki ni BitLocker, kufuli ya Windows inayofungia diski nzima kwa ufunguo. Msichana wa chuo pale Tudor aliniletea laptopu inayodai ufunguo wa tarakimu 48.

"Kaka, mimi sijaweka paswadi yoyote hiyo."

Na kweli hakuweka. Windows 11 toleo la 24H2 ikiwekwa upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, hujifungia diski yenyewe, na ufunguo hupelekwa kwenye akaunti hiyo. BIOS ikisasishwa, au mtu akichezea Secure Boot, inaweza kuudai. Tuliingia kwenye akaunti yake, hamna kitu. Kumbe duka lililomuuzia laptopu ile ya mtumba liliiwasha mara ya kwanza kwa akaunti ya duka. Walipopigiwa simu walikuwa nao, alhamdulillahi. Wangekuwa wamefunga duka, mradi wake wa mwisho wa chuo ungekwenda. Anayekuahidi programu ya kuuvunja huo ufunguo anakuibia.

Hata mkasa mkubwa wa tarehe 19 Julai 2024 ulionyesha hivyo. Sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha mashine kama milioni 8.5 za Windows duniani, na dawa ilikuwa kufuta faili moja tu linaloanza na C-00000291. Flashi yoyote ya kubuti ingetosha. Kilichowatesa mafundi wengi ni kuzunguka mashine moja moja, na pale palipokuwa na BitLocker, kutafuta ufunguo wa kila moja.

Kuhusu programu za kulipia zenye kitufe kimoja cha "tengeneza yote", nimezijaribu za kutosha. Zinachanganua bure, zinakuonyesha faili zako zikiwa pale, kisha zinadai dola. Iliyoniudhi zaidi ilitaka kusakinishwa kwenye diski ile ile inayookolewa, maana yake kuandika juu ya unachokitafuta. PhotoRec inafanya kazi hiyo bila senti, ingawa haina sura ya kupendeza.

Mashine isiyotoa picha wala mlio usiihangaishe kwa flashi. Hapo ni multimita na kuangalia chaja.

Mwisho ni flashi yenyewe. Zile za kando ya barabara zilizoandikwa gigabaiti 64 nyingine zina 8 tu ndani, na ISO ya tatu ikiingia zote zinaharibika bila onyo. Kabla ya kuweka Ventoy ipime kwa programu ya H2testw, au kwa f3 ukiwa kwenye Linux. Inachukua muda, iachie inakili unakwenda kuswali na kula. Ikifeli, irudishe kwa muuzaji siku hiyo hiyo, kabla hajahama meza.