Raspberry Pi 4 haina BIOS, na ndiyo maana nimebaki nayo

Aliyezoea kompyuta za kawaida, akiishika Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja tu, huuliza swali moja: nibonyeze kitufe gani niingie BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla mfumo haujaanza? Hakuna. Utabonyeza F2 na Delete mpaka vidole viote sugu, ukurasa ule wa bluu hautokei. Nami nilianza hivyohivyo, nikajiona nimepewa kitu nusu. Sasa ninazo tisa, zimefungwa ndani ya maboksi ya plastiki juu karibu na dari, zinasoma joto la vyumba vya baridi usiku na mchana. Hazina skrini, hazina kibodi. Ukishakuwa na mashine za namna hiyo, BIOS ya kuingia kwa kitufe inakuwa mzigo.

Mipangilio yake imekaa sehemu mbili. Ya kwanza imo kwenye chipu ndogo ya EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, iliyochomelewa kwenye bodi, KB 512 tu. Humo mna programu inayoiamsha mashine pamoja na maagizo yake: itafute mfumo wapi, na ukiizima ikate umeme kabisa au ibaki ikisinzia. Sehemu ya pili ni config.txt, faili la maandishi matupu lililo kwenye kadi au diski unayobutia, yaani unayowashia mfumo, na hilo linahusu zaidi vifaa: skrini, pini, Bluetooth na kadhalika. Likikushinda, unachomoa kadi, unaiweka kwenye laptopu, unafuta mstari uliouharibu.

Kwa EEPROM unaandika sudo rpi-eeprom-config --edit, linafunguka faili la mistari michache, unabadilisha, unahifadhi, unawasha upya. Mabadiliko hayaingii papo hapo, yanasubiri huko kuwasha upya, kwa hiyo usikimbilie kupima. Kazi yote naifanya nikiwa nimekaa, kwa SSH, yaani naandika amri kwa mtandao kutoka kompyuta nyingine. Bodi niliyokuwa nikitumia zamani (jina nalihifadhi) ilikuwa na BIOS kamili, nzuri kuitazama. Kila mara ilinibidi nipande ngazi na skrini kwapani, kibodi mkononi, kisha nipige picha kila ukurasa kwa simu ili niige kwenye bodi inayofuata. Betri yake ya kidonge ilipokufa, mipangilio yote ikarudi ya kiwandani, nikapanda tena. Hapa ninalo faili moja nililolinakili mara nane.

Nane, si tisa. Nitafika huko.

Mtego wa mashine hii ni mstari wa BOOT_ORDER, na ulininasa kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilikuwa nahama kutoka memori kadi kwenda SSD ya USB, maana kadi zinazoandikwa kila dakika huchoka. Nikaweka mfumo mpya kwenye SSD, kadi ya zamani nikaiacha palepale iwe akiba. Nikafungua mipangilio, nikakuta BOOT_ORDER=0xf41. Nilishasoma mahali kwamba 4 ni diski ya USB na 1 ni kadi. Nikasema vema, 4 imetangulia, nikafunga faili bila kugusa kitu. Kuwasha, inaamka na jina lake la zamani na programu yangu ya zamani. Nikabadilisha kebo. Nikashuku umeme, nikaleta adapta nyingine. Nikaisafisha SSD na kuiwekea mfumo upya. Jioni nzima imekwisha, nikachomoa kadi kwa hasira tu, na SSD ikabuti pale pale kana kwamba ilikuwa ikiningoja.

Namba ile husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu. 0xf41 maana yake jaribu kadi kwanza, kisha USB, na f ni rudi uanze tena. Nilichokitaka ni 0xf14. Ukiweka 2 umeongeza mtandao. Ningefurahi zaidi kama yangeandikwa maneno, usb kisha kadi, kuliko tarakimu za kinyumenyume. Lakini ukishaumia mara moja huisahau.

Wala usiogope kuiua kwa kukosea. Moja niliiandikia ibuti kwa mtandao peke yake, na seva ya kuibutisha sina, ikawa inazunguka hapo hapo bila mwisho. Raspberry Pi Imager, programu ya kuandikia kadi, ina chaguo la kutengeneza kadi ya kurejesha programu hiyo ya kuamshia. Unaichomeka, unawasha, taa ya kijani inaanza kupepesa haraka bila kukoma, unatoa kadi, na mipangilio imerudi ya mwanzo. Taa hiyo inasema mengi kuliko inavyoonekana: ikipepesa mara nne kwa vipindi, faili la start la kuanzishia mashine halikuonekana, mara saba, kerneli, yaani kiini cha mfumo, haikuonekana.

Kama unaifunga mahali pagumu kufikika, washa pia BOOT_UART=1, mstari wa EEPROM unaoifanya itume ripoti zake kwa waya, na uache nyaya zikining'inia kutoka pini za GPIO 14 na 15 pamoja na ya ardhi. Itakueleza inachofanya tangu mwanzo, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Hakikisha adapta unayounganishia nyaya hizo na laptopu (si ile ya umeme) ni ya volti 3.3, kwa sababu volti 5 zitaziunguza pini hizo.

Upungufu ninaoulalamikia kweli ni saa. Pi 4 haina saa yenye betri, hivyo umeme ukikatika na mtandao ukachelewa, rekodi zangu za joto zinaingia na muda uliopitwa. Niliongeza moduli ya saa ya nje kwa mstari mmoja wa dtoverlay, unaoiambia mashine kuna kifaa cha ziada, kwenye config.txt, yakaisha. Pi 5 imepewa saa hiyo kwenye bodi, ingawa betri ni ya kununua pembeni, pamoja na kitufe cha kuwashia.

Ile ya tisa mpaka leo ina 0xf41 yake. Niliifunga juu kabisa kabla sijajua siri ya namba, na kadi haimo ndani, kwa hiyo inapapasa tundu tupu kidogo kisha inaenda kwenye SSD.