Huduma ya kupakua muziki kwa ada ya mwezi: mteja analipa, lakini hamiliki

Ada ya huduma hii si kubwa, na kwa mpenzi wa taarabu ya Zanzibar hazina yake ni ya kuheshimika, kwani rekodi za Culture Musical Club zimo kwa ubora mzuri wa sauti. Kinachoudhi ni masharti. Nyimbo zinazopakuliwa si mafaili ya kawaida ya MP3, bali zimefungwa kwa kufuli la kidijitali linalozifanya zichezwe ndani ya programu yao peke yake. Ada ikichelewa, hata kwa sababu tu kadi ya benki imekwisha muda wake, kila ulichopakua kinanyamaza, ingawa kilikula bando lako na bado kimejaza nafasi ya simu. Natambua kwamba kukodi si kununua, lakini basi tangazo lisimwambie mteja kwamba nyimbo ni zake.

Kujitoa ndiko kugumu zaidi. Kujiunga hufanyika kwa kubonyeza mara moja, ilhali kujitoa kunadai barua pepe, na makato yaliendelea nilipokuwa nikisubiri jibu, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma kwa mteja.

Apple iliondoa kufuli za aina hii kwenye nyimbo zinazouzwa katika iTunes, duka lake la muziki mtandaoni, mwaka 2009. Anayetaka kuhifadhi muziki ni afadhali anunue albamu mojamoja, kwa mfano kwenye duka la mtandaoni la Bandcamp, ambako mafaili hupakuliwa bila kufuli, yakiwemo ya FLAC, yaani yasiyopunguza ubora wa sauti.